Mizuka ya Congress Plaza na wafu wasioulizwa jina

Katika hoteli ya Congress Plaza, jijini Chicago, kuna ukumbi wa karamu uitwao Ukumbi wa Dhahabu. Una roshani, na nyuma ya roshani hiyo, kule ambako wageni wa harusi hawana shughuli, kuna upenyo wa giza ulioachwa bila mapambo. Ukimulika tochi ukutani utaona mkono umetokeza kwenye lipu. Una umbo la glovu ya kazi, umegandamana na ukuta kana kwamba mwenyewe yuko upande wa pili.

Wanaotembeza watalii usiku husema ni mkono wa fundi aliyefia humo wakati wa ujenzi. Ati wenzake hawakutaka kazi isimame, wakampigia lipu palepale. Wengine hueleza kwa wepesi zaidi: ni glovu ya fundi iliyoshikwa na lipu mbichi, ikakaukia hapo. Mimi naamini hao wa pili. Lakini kinachonisumbua kuhusu mkono ule hakihusiani na ukweli wake. Kwa miaka yote ambayo watu wameumulika, wakaupiga picha na kupiga kelele za furaha mbele yake, fundi huyo hajapewa hata jina la kubuni. Amebaki mkono. Hakuna anayeuliza alilipwa kiasi gani kwa siku, alitoka wapi, au kama kuna mke aliyemngojea jioni ile. Hadithi inamtaka awe amekufa tu, basi.

Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Sisi hatuna neno moja la viumbe hawa. Mzimu una wenyewe: ni wa ukoo fulani, una mahali pake, una watu wanaojua ulikuwa nani ulipokuwa hai na unachodai ukikasirika. Pepo akimpanda mtu, mganga humuuliza kwanza, u nani, na unataka nini? Haiwezekani kumtuliza kabla hajajibu. Mzuka ni kitu kingine. Mzuka huzuka, ukatisha, ukatoweka, usiache dai lolote nyuma. Na neno lenyewe ni ndugu wa kuzua na uzushi. Nikisoma orodha ndefu ya viumbe wanaosemekana kuishi Congress Plaza, nakuta karibu wote wamefanywa mizuka, hata wale ambao kwa haki walistahili kuwa mizimu. Hilo ndilo ninalotaka kulilalamikia.

Tuanze na jengo, maana ni jengo la maana. Sehemu yake ya kwanza, mnara wa kaskazini uliochorwa na Clinton J. Warren, ilifunguliwa mwaka 1893 kwa jina la Auditorium Annex, kwa kuwa ilikusudiwa kuwa tawi la jengo maarufu la Auditorium lililokuwa ng'ambo ya barabara. Njia ya chini kwa chini yenye kuta za marumaru iliunganisha majengo hayo mawili, nayo iliitwa Peacock Alley, kichochoro cha tausi, kwa jinsi matajiri walivyopita humo wakionyeshana nguo. Mnara wa kusini uliongezwa mwaka 1902 na ukapanuliwa 1907, hata hoteli ikafikisha zaidi ya vyumba 800.

Sababu ya kuijenga ilikuwa Maonyesho ya Dunia ya mwaka huo wa 1893. Tangu Mei hadi Oktoba milango ya maonyesho ilipitiwa mara zaidi ya milioni 27, wakati Marekani nzima ilikuwa na watu wasiozidi milioni 70. Jiji ambalo miaka 22 kabla yake liliteketea kwa moto mkubwa lilitaka kuonyesha kwamba limesimama. Na kweli lilisimama. Lakini mwaka huohuo mabenki ya Marekani yalianguka, na maonyesho yalipofungwa, mafundi na vibarua waliokuwa wamevutwa Chicago walibaki hawana kazi katikati ya baridi. Maelfu walilala kwenye korido na ngazi za jengo la serikali ya jiji na kwenye vituo vya polisi, juu ya sakafu ya mawe. Hapo hapo, kwenye ukingo wa ziwa, hoteli mpya ilikuwa na taa, moto na marumaru.

Nawaeleza haya kwa sababu katika mizuka ya Congress yupo mmoja aliye maskini waziwazi. Anaitwa Johnny wa mguu wa mti. Husemwa alikuwa ombaomba mwenye mguu mmoja aliyeuawa karibu na hoteli, na sasa huingia ndani, akawasha na kuzima taa na vifaa vya umeme. Huenda hakuwahi kuwako. Ila mji uliowahi kuwa na maelfu ya watu wanaoiangalia hoteli kutoka nje kwenye theluji haukupata shida kumwazia. Nikimsoma Johnny namwona mtu ambaye hatimaye ameingia mahali palipo na joto. Wasimulizi hawalioni hilo. Kwao ni kichekesho cha taa.

Mzuka maarufu kuliko wote ni Al Capone, kiongozi wa majambazi wa Chicago wa miaka ya 1920. Huelezwa kwamba alicheza kamari hapa, kwamba alimiliki hoteli kwa siri, kwamba bado anaonekana ghorofani amevaa kofia yake. Capone wa kweli aliendesha biashara yake katika hoteli nyingine mbili za barabara hiyohiyo ya Michigan Avenue, kilomita chache kusini. Ya kwanza ni Metropole, na kuanzia 1928 alihamia Lexington, alikoishi hadi alipohukumiwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi. Alifariki Januari 1947 nyumbani kwake Florida, mwili umechakazwa na kaswende. Mwaka 1986 kipindi cha televisheni kilivunja ukuta wa chini ya Lexington moja kwa moja hewani, mamilioni ya watu wakingoja hazina au mifupa. Zilipatikana chupa tupu na vumbi.

Metropole ilibomolewa mwaka 1975. Lexington ikafuata 1995. Sasa jiulize, mzuka wa Capone ungefanya nini? Hoteli zake hazipo tena, hazina vitanda vya kukodisha. Ukahamia ile iliyobaki wima. Naona hii ndiyo kanuni inayotawala hadithi hizi zaidi ya kifo chochote cha kutisha: mzuka hukaa mahali ambapo bado panauza chumba. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa H. H. Holmes, yule muuaji aliyenyongwa Philadelphia mwaka 1896. Jengo lake lilikuwa Englewood, mbali kusini mwa jiji, na hakuna ushahidi kwamba aliwinda wanawake kwenye mapokezi ya Congress. Lakini jengo lake halipo, na mapokezi yapo.

Kuhusu chumba 441, ambako inasemekana walinzi huitwa mara nyingi kuliko chumba kingine kwa sababu ya kivuli cha mwanamke, sina mengi. Jengo lenye zaidi ya miaka 130 lina sauti zake. Mvuke wa moto ukikutana na maji yaliyopoa ndani ya bomba la zamani hupiga mshindo kama wa nyundo, na mtu aliyelala peke yake ugenini hatafikiria bomba. Wakati wa baridi hewa ya joto hupanda kwenye mashimo ya lifti na ngazi za jengo refu, ikavuta milango ya chini na kusukuma ya juu. Aliyesikia amesikia, simwiti mwongo.

Nataka kukaa kwa mvulana.

Waongoza watalii husimulia habari za mtoto wa kiume anayekimbia kwenye korido za mnara wa kaskazini, akihamisha vitu, akigonga milango. Wengine huongeza kwamba mwili wake haukupatikana. Watu husikiliza, hutabasamu, hupiga picha za korido tupu. Chanzo cha hadithi hii si uzushi, na ndiyo maana inaniuma.

Machi 1939 majeshi ya Hitler yaliingia Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia. Familia moja ya Kiyahudi ya mji huo ilifanikiwa kutoka, ikafika Marekani kwa viza ya wageni: baba, mama, na watoto wawili wa kiume wenye umri wa miaka 6 na 4. Walikuwa wameacha nyumba, biashara, jamaa, lugha. Viza ya mgeni ina mwisho wake, na sheria ya uhamiaji ya 1924 iliwatengea waliozaliwa Chekoslovakia nafasi 2,874 tu kwa mwaka, wakati watu waliokuwa wakiziomba walikuwa wengi kupita kiasi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa aina hii jembe lingekuwa neema kubwa, maana anayepewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumbani. Hawa hawakupewa. Walikuwa watu wa kungoja.

Agosti ya mwaka huo, katika hoteli hii, mama yule alikufa pamoja na wanawe wote wawili kwa kuanguka kutoka dirisha la juu. Aliwatanguliza wao. Magazeti ya siku ile yaliandika majina yao, umri wao, na mji walikotoka. Miili yote ilikuwepo. Hapakuwa na fumbo lolote.

Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Julai 1939, muswada wa kuwaruhusu watoto 20,000 wakimbizi kutoka himaya ya Hitler waingie Marekani ulikufia mikononi mwa wabunge mjini Washington. Mwezi wa Juni meli ya St. Louis, iliyokuwa na Wayahudi zaidi ya 900, ilikuwa imerudishwa Ulaya baada ya kuzunguka pwani ya Florida watu wakiziona taa za Miami. Muswada ule usingewahusu wavulana wale moja kwa moja, kwa kuwa walikwishaingia nchini. Lakini mama huyo aliishi katika hewa hiyo. Kila gazeti alilofungua lilimwambia kwamba mlango unafungwa. Sidai kujua kilichopita moyoni mwake siku ile, na simhukumu. Ninachojua ni kwamba mtu akisimulia "mvulana anayegonga milango" bila kutaja Prague, bila kutaja viza, bila kutaja 1939, amechukua mauti ya wakimbizi akayageuza kuwa utundu wa mtoto.

Hapo ndipo swali la mganga linaponirudia. Huyu angeulizwa, u nani, unataka nini, angejibu. Jibu lake lingekuwa zito mno kwa matembezi ya saa moja, na lingeibua maswali kuhusu nani anagonga milango leo na viza yake inaisha lini. Kwa hiyo haulizwi.

Sasa nije kwa walio hai, kwa sababu hoteli hii ina kisa kingine ambacho kinapaswa kuwa maarufu kuliko Capone. Tarehe 15 Juni 2003 wafanyakazi wake wapatao 130, wa chama cha wafanyakazi wa hoteli ambacho baadaye kiliitwa UNITE HERE Local 1, waliweka chini funguo na mafagio wakatoka nje. Wengi walikuwa wahamiaji. Hoteli ilikuwa imekata mishahara kwa asilimia 7, ikataka pia iwe huru kuwapa mawakala wa nje kazi zao. Mgomo huo uliisha tarehe 30 Mei 2013. Hesabu mwenyewe: miaka 10 ilipungua kwa siku chache tu. Ni miongoni mwa migomo mirefu kuliko yote iliyowahi kutokea popote duniani.

Fikiria kazi wanayoizungumzia. Mhudumu wa vyumba huingia kwenye chumba ambacho mtu ameondoka. Anakusanya mashuka yenye joto la mwili wa mtu asiyemjua, anainua kona ya godoro kwa mkono mmoja ili achomeke shuka kwa mwingine, anapiga magoti bafuni kutoa nywele kwenye tundu la maji, anafuta alama za vidole kwenye kioo hadi ionekane hakuna mtu aliyewahi kukanyaga pale. Akimaliza vizuri haonekani kabisa. Mgeni arudipo hukuta kitanda kimetandikwa, taulo zimekunjwa, kana kwamba mkono usio na mwili umepita. Katika hoteli yote, huyu ndiye anayepita kwenye korido bila kutazamwa.

Walipokuwa kwenye mgomo walitazamwa kidogo. Walitembea na mabango mbele ya mlango kwenye baridi ya Januari, upepo ukitoka ziwani bila kizuizi. Mwaka 2007 Barack Obama, wakati huo seneta na mgombea urais, alitembea nao, akawaambia kwamba kama bado wangekuwa wakipigana miaka minne baadaye angerudi kwenye mstari wao akiwa rais. Aliapishwa Januari 2009, na mgomo ukadumu kipindi chake chote cha kwanza. Wakati hoteli nyingine za katikati ya jiji zilipandisha mishahara mkataba baada ya mkataba, malipo ya mhudumu wa vyumba hapa yalikwama kwenye dola 8.83 kwa saa. Mwishowe chama kilitangaza kwamba kinaacha bila masharti. Hawakupata walichodai.

Kila Oktoba ya miaka hiyo, msimu wa hadithi za kutisha ukifika, jengo lililokuwa likisifiwa kwa mizuka yake ndilo lililokuwa na watu hao mlangoni. Ndani kulikuwa na hadithi ya fundi aliyezikwa ukutani ili kazi isisimame. Nje kulikuwa na wafanyakazi waliosimamisha kazi ili wasizikwe wakiwa hai. Nashindwa kuelewa jinsi mtu anavyoweza kusimulia la kwanza asilione la pili.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa ni burudani tu, watu wanapenda kuogopa wakiwa salama, na hadithi hizi zinawafanya vijana wapende majengo ya kale yasibomolewe. Sehemu ya jibu hilo naikubali kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nisingejua habari za familia ile ya Prague kama nisingefuata nyuma mzuka wa mvulana hadi nikakuta kifo cha kweli. Hadithi ya kutisha ni mlango, na mlango ni kitu kizuri. Shida ni kwamba umegeuzwa kuwa ukuta. Mtu anafika, anatetemeka kidogo, anageuka kurudi akidhani amekwisha kuijua historia ya nyumba.

Na zipo historia ambazo mizuka haiwezi kuzibeba kabisa. Jumapili ya Pasaka mwaka 1936, katika hoteli hii, mpiga klarineti Benny Goodman alipanda jukwaani na mpiga ngoma Gene Krupa, wote weupe, pamoja na mpiga piano mweusi Teddy Wilson. Watatu hao walipiga jazi mbele ya watu waliolipa kuingia, wakati ambapo hoteli kubwa za Marekani hazikutaka kabisa kuona weusi na weupe kwenye jukwaa moja. Ni moja ya nyakati za kwanza kabisa jambo hilo kufanyika hadharani nchini humo. Hakuna asemaye anasikia piano ya Wilson saa nane za usiku. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekufa. Hadithi za mizuka hujua kukumbuka damu tu. Siku ambayo watu watatu walivunja sheria isiyoandikwa kwa vidole vyao, wakashangiliwa, haina mahali pa kukaa humo.

Kama mimi ndiye ningeongoza msafara, nisingeanzia kwenye lifti. Ningewasimamisha watu nje, kwenye njia ya miguu ya Michigan Avenue, wageuzie ziwa mgongo, niwaambie kwamba hapa walitembea wahudumu wa vyumba tangu tarehe 15 Juni 2003, na kwa saa walikuwa wakilipwa dola 8.83. Kisha ningewaomba wainue macho hadi madirisha ya juu, niwatajie Prague, mwezi wa Agosti 1939, na ile 2,874, halafu ninyamaze kidogo. Tungeingia kwenye Ukumbi wa Dhahabu, tukaumulika mkono wa fundi, nami ningewauliza wanadhani aliitwa nani. Chumba 441 tungekipitia mwisho, kama muda ungebaki.